Faini Yangu ya Kwanza Ndungu

Nina risiti moja ambayo siitupi. Ni kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari la shule. Kimeandikwa kwa kalamu ya bluu jina langu, tarehe, kiasi cha pesa na maneno matatu: "Faini ya maji." Chini kuna sahihi ya katibu wa mfereji. Naiweka ndani ya pasipoti, ubavuni mwa kibali changu cha ukaazi. Ukiniuliza kipi kati ya hivyo viwili kilinifanya mkazi wa Ndungu, nitakujibu bila kusita.

Lakini ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni mtu wa Voi. Nilisomea Nairobi, nikafanya kazi ya uandishi wa habari hukohuko miaka minane, mpaka chumba chetu cha habari kilipopunguza watu na mimi nikawemo. Mke wangu tulikutana chuoni. Yeye ni Mpare wa Ndungu, wilaya ya Same, upande wa tambarare chini ya milima. Mwezi uleule nilioachishwa kazi, mama yake aliteleza uani akavunjika nyonga. Baba mkwe alishatangulia mbele ya haki, na mashemeji zangu wawili wako Dar es Salaam na kazi zao na watoto wao. Mke wangu akasema anakwenda kumuuguza mama. Nikamwambia twende wote, miezi mitatu tu, nitaandika makala zangu nikiwa huko. Sasa tunaingia mwaka wa tatu.

Mtu akisikia umehamia nchi ya nje anawaza ndege na baridi. Nchi yangu ya nje iko jirani mno. Ukitoka Ndungu kuelekea kaskazini unaikuta Hifadhi ya Mkomazi. Mkomazi ikiishia inaanza Tsavo, na Tsavo ndiyo majirani zetu sisi wa Voi. Ni nyika moja. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana wapi pa kupitisha mstari, na mpaka leo tembo hawajapelekewa taarifa, wanavuka wanavyotaka. Mimi nikitaka kumwona mama yangu lazima nipande basi hadi Same, nipite Mwanga na Himo, nigonge muhuri Holili, nivukie Taveta, ndipo niitafute Voi. Kutwa nzima, na mgongo juu.

Kwa hiyo nilikuja nikiamini sitakuwa mgeni sana. Mkonge wa Ndungu ni uleule wa Mwatate, umejipanga kwa mistari ileile. Makande yao, ukiacha kwamba mahindi yamekobolewa, ni githeri ya kwetu. Na lugha? Kiswahili si tunacho sote?

Siku ya kwanza dukani nilisema, "Nipatie mkate na maziwa." Binti wa duka akanitazama, akasema, "Shikamoo." Nikageuka nyuma kuona anayesalimiwa ni nani. Hakukuwa na mtu. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, na hakuna aliyewahi kuniamkia hivyo Nairobi.

Siku ya pili nilimkuta mzee mmoja jirani akianika mpunga kwenye turubai. Mwandishi wa habari ni mwandishi wa habari tu, nikamuuliza moja kwa moja, "Mzee, mchele unaenda bei gani siku hizi?" Akajibu, "Umeamkaje?" Nikasema salama, nikarudia swali. Akasema, "Mama anaendeleaje na mguu? Amelala vizuri?" Nikamwambia amelala. "Na mwenzio?" Mzima. "Na Kenya wazima?" Wazima. Nilipokata tamaa kabisa ya bei ya mchele ndipo akanieleza bei yenyewe, nani amenunua, nani amepunjwa, na kwa nini madalali wa msimu huu si wa kuaminiwa. Habari yote ya ukurasa mzima, bila kuuliza tena. Kumbe hapa salamu si mlango wa mahojiano. Ndiyo mahojiano yenyewe.

Hayo niliyajifunza haraka, na huwa nikiyasimulia kwa marafiki wanacheka. Kilichokuwa kigumu si cha kuchekesha.

Kwetu Utaitani na kwao Upareni, mwanaume hahamii ukweni. Hakuna aliyenisema. Hilo ndilo lilikuwa tatizo: hakuna aliyenisema kwa lolote. Kila nilipopita nilikuwa "shemeji" na "mgeni wetu." Nikiingia kwa mtu, kiti kinafutwa vumbi kwa kanga. Kuku akichinjwa, firigisi ni yangu. Wiki ya pili mke wangu alinipeleka kwa mjumbe, kisha kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa mtendaji wa kijiji, na kila mahali niliandikwa kwa jina la mama mkwe: mgeni wake. Na kwa sheria hilo ni sawa. Raia wa nje hamiliki ardhi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haina utani katika hilo, na mimi niliyekulia nchi yenye migogoro ya ardhi isiyoisha naelewa kwa nini.

Mwezi wa tano ulitokea msiba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilivaa suruali ya kazi nikaenda na vijana wa rika langu makaburini. Nikashika jembe. Kabla sijalipiga chini mara mbili, mkono ukalishika mpini. "Shemeji, wewe pumzika." Nilipelekwa kwenye viti vya wazee, nikapewa soda. Nilikaa pale kama mkuu wa wilaya, nikitazama migongo ya wenzangu ikiinuka na kuinama. Jioni mtu alipita na daftari la rambirambi kila nyumba. Kwetu aliandika jina la mama mkwe, akapokea pesa kutoka mkononi mwangu, akanishukuru sana, akaenda zake.

Sote tunaijua methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitumia katika andiko lake la Ujamaa la 1962 kuonyesha kwamba katika jamii yetu ya jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi. Nimekuwa nikiisikia tangu shule kama onyo kwa wageni wavivu. Ndungu ndiko nilikoisikia kwa sikio jingine. Siku yangu ya tatu ilikuwa haifiki. Jembe nililishika mwenyewe, likachukuliwa kwa upole. Na upole, bwana, hauna mahali pa kuushika ukaulalamikia.

Mwaka wa kwanza ulipopita, rafiki yangu wa Nairobi akaniandikia kuhusu nafasi ya kazi. Mshahara si mbaya. Nikamwambia mke wangu turudi, tutamtafutia mama msichana wa kumsaidia. Alikuwa anachagua maharage. Hakuinua uso. "Wewe nenda," akasema. "Mimi mama yangu yuko hapa." Hatukugombana. Tulilala kila mtu akiutazama ukuta wake. Kwenye simu yangu kulikuwa na barua pepe ya kukubali kazi ile, imeandikwa yote, bado kutumwa.

Sasa nikueleze kuhusu maji, maana bila maji Ndungu hauielewi.

Pale kwetu mvua ni ya kubahatisha. Milima ya Upare ya Kusini, ambako kilele cha Shengena kinapita mita 2,400, ndiyo inayokamata mawingu; sisi wa chini tunasubiri inachotuteremshia. Wapare wamejua kuyachunga maji hayo tangu zamani. Huko milimani wana ndiva, mabwawa ya kuhifadhi maji usiku ili yafunguliwe asubuhi, na mifereji iliyochimbwa na watu ambao wajukuu wa wajukuu zao ndio wanaoisafisha leo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Japani ilisaidia kujenga skimu ya umwagiliaji ya Ndungu, hekta 680 za mpunga zinazotegemea maji ya Mto Yongoma. Ukiiona kutoka juu wakati mpunga umeshika, utadhani mtu ametandika zulia la kijani katikati ya nyika.

Majaruba ya mama mkwe yako nje ya skimu, kwenye mfereji mdogo wa zamani. Mfereji wetu una katibu, mwenyekiti na daftari. Maji yanakwenda kwa zamu, na zamu ni kitu kitakatifu hasa, maana imebidi izingatie dini zote: Waislamu wana Ijumaa yao, Walutheri Jumapili, na Wasabato, ambao kanisa lao lilifika Upareni mwaka 1903, Jumamosi hawagusi jembe. Ratiba inayowaridhisha wote hao na mpunga pia si kazi ndogo. Nimeona mikutano ya kimataifa iliyoshindwa kazi nyepesi kuliko hiyo.

Kijana aliyekuwa akituhudumia shamba alipoondoka kwenda mjini, nikasema nitalishika mimi. Mke wangu alicheka, kicheko cha kwanza baada ya siku nyingi. Akanionyesha jinsi ya kuziba mfereji kwa viroba vya mchanga, kufungulia maji jaruba la juu, kuyaacha yajae kiasi cha vidole vitatu, kisha kuyateremsha la pili. Mara nne nilifanya vizuri.

Mara ya tano zamu yetu iliangukia usiku, saa tatu mpaka saa tisa. Nilifungua maji, nikakaa juu ya tuta na tochi na simu. Vyura walikuwa wanapiga kelele. Nikafungua ile barua pepe, nikaanza kuirekebisha. Sentensi hii, sentensi ile. Nikaegemea gunia, nikasema nifumbe macho dakika tano.

Nilipoamka kulikuwa kunapambazuka, na maji yalikuwa yamenifika kwenye viatu. Tuta la chini lilikuwa limekatika. Upande wa pili wa tuta hilo palikuwa na kitalu cha yule mzee jirani, wa umeamkaje: miche ya siku kumi na mbili, karibu kuhamishwa. Hapakuwa na kitalu tena. Palikuwa na tope na nyasi changa zimelala upande mmoja kama nywele zilizolowa. Na si hilo tu. Zamu ya mtu aliyenifuata ilikuwa imeanza saa tisa, naye alikuwa amekaa chini kule akisubiri maji ambayo yalikuwa yanamwagikia hapa.

Mzee alikuja na fimbo yake. Akasimama akatazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akanyamaza kidogo. "Pole na kukesha."

Akageuka, akaenda. Afadhali angenitukana.

Kikao kiliitwa siku iliyofuata chini ya mwarobaini. Watu kama ishirini. Mwenyekiti alieleza kisa kwa sauti ya kawaida, kisha akasema lile nililolitegemea: "Ndugu zangu, shemeji yetu ni mgeni. Mambo ya maji hayajui. Mimi naona tumsamehe, tumwelekeze tu." Vichwa vikatikisika. Nilihisi ahueni, na nyuma yake mara moja nikahisi kitu kingine ambacho hata leo sijui nikiiteje. Nilikuwa nimempotezea mtu msimu, na nilikuwa naruhusiwa kwenda nyumbani kunywa chai.

Ndipo mzee akainuka.

Watanzania wana utani wao kuhusu Wapare na kesi: kwamba Mpare atauza ng'ombe ili afungue kesi ya kuku. Wapare wenyewe huusimulia huku wakicheka. Mimi siku ile niliona maana yake.

"Mgeni ni wa siku mbili," mzee alisema. "Huyu ana mwaka na ushei anakula wali wa mfereji huu. Angekuwa mwanangu amelala maji yakamwagika, mngemsamehe? Mngemtoza. Angekuwa mwanao wewe? Angetozwa. Sasa kama huyu hatozwi, mniambie basi ni nani hapa. Ni mtoto mdogo? Ni mtalii? Mimi namdai."

Shauri lilichukua saa mbili na nusu. Walibishana juu ya upana wa kitalu, umri wa miche, kama tuta lilikuwa bovu tangu zamani na ni la nani. Mama mmoja alikumbusha kesi ya miaka mingi nyuma na hukumu yake, kama wakili anayetaja rejea. Mwishowe: faini ya shilingi elfu ishirini kwa mfereji, kwa kuharibu zamu ya mwenzangu; nusu ya miche ya kitalu chetu iende kwa mzee; na siku tatu za kazi, nimsaidie kuipandikiza.

Mwenyekiti akanigeukia. "Una la kusema?"

Miaka minane nimewauliza watu swali hilo, kalamu mkononi. Mtu anaulizwa hivyo kabla hujamwandika. "Nimekosa," nikasema. "Nitalipa."

Katibu akafungua daftari. Akaandika tarehe, akasita. "Jina lako kamili ni nani?"

Watu wakacheka. Mwaka na zaidi tunakaa pamoja, na karibu wote walikuwa hawalijui. Nikalitaja. Akaliandika vibaya, maana ni jina la Kitaita, akalikata, nikamtajia herufi moja moja, akaliandika upya kwa uangalifu, chini ya majina mengine ya waliokosa msimu ule.

Siku tatu za kupandikiza mpunga zilinifundisha kwamba nina misuli nisiyoijua. Nilipanda katikati ya kina mama na vijana, na mistari yangu ilikuwa inakwenda ilikotaka. "Shemeji, huo ni mpunga au ni saini?" mmoja aliniuliza. Mzee alikuwa anapita nyuma yangu aking'oa na kupanda upya, huku ananisema bila kupumzika. Vidole vyangu vimekufa? Kenya hamna macho? Nilikuwa nimechoka, mgongo unawaka, na nilikuwa, nakwambia ukweli, na furaha.

Siku ya tatu mchana alileta makande, tukala sahani moja juu ya tuta. Ndipo akaniambia kwamba naye aliwahi kuwa mgeni, tena kwetu. Ujanani alivuka kwenda kukata mkonge upande wa Mwatate. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka 1983. Yeye alikuwa upande wa kule. Mama yake alikufa katika miaka hiyo, na barua ilimfikia watu walipokwisha kuanua tanga.

"Walikutesa?" nikauliza.

"Wataita? Hapana. Walinipenda sana. Kila siku karibu, karibu." Alichota makande. "Miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyenigombeza. Nikajua kule sitazikwa."

Sikuandika hilo siku ile. Nilikuwa na tope mpaka viwiko.

Sidai kwamba sasa nimekuwa Mpare. Chasu bado inanipita. Mama mkwe na binti yake wakiteta usiku nashika neno moja tu, "Mkenya," na sijui limewekwa kwa wema au kwa ubaya. Ardhi si yangu na haitakuwa. Kibali kina tarehe ya kuisha, na kila ikikaribia nakosa usingizi. Mama yangu Voi anauliza nitarudi lini, na sina jibu la kumpa lisilomuumiza mtu wa upande mmoja au wa pili. Ile kazi ya Nairobi ilikwenda kwa mwingine. Nilipomwambia mke wangu kwamba sikuituma ile barua, alisema tu, "Si ulikuwa unaenda?" Kisha akanisogezea chai.

Ila mchango wa msiba uliofuata, mwenye daftari alipofika uani aliandika jina la mama mkwe, akafungua mstari mwingine, akaniuliza, "Na wewe je?" Kesho yake makaburini nilifika nimechelewa kidogo. Kijana mmoja alitoka shimoni akihema, akanitazama nilivyosimama, akanitupia jembe bila neno.

Leo usiku zamu ni yetu, kuanzia saa mbili. Viroba viko tayari, simu nitaiacha nyumbani. Nikiwa naandika sentensi hii, mzee amepita nje ya ua na fimbo yake. Hajaingia. Amepaza sauti tu kutoka njiani:

"Mkenya! Leo usilale."